Nani Aliyeiona Magma?

Chukua kitabu chochote cha Jiografia cha sekondari, utafute sura ya volkano. Utakuta mchoro ule ule: mlima wenye ncha, moshi juu, bomba jembamba katikati, na chini kabisa duara kubwa jekundu lililoandikwa "chemba ya magma". Ni mchoro mzuri, unaeleweka, na kwenye mtihani unaleta alama. Lakini hebu nikuulize swali ambalo walimu hawapendi kuulizwa dakika tano kabla ya kengele: aliyelichora duara lile aliliona wapi?

Hakuliona. Wala hakuna mwingine aliyeliona. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amechimba kwenda chini, lile la Kola kule Urusi, lilifika kilomita 12 na ushei baada ya karibu miaka 20 ya kuchimba, na upana wake ni sentimita 23 tu. Hata hilo halikuchimbwa kwenye volkano. Duara jekundu la kitabuni ni kisio. Hadithi ninayowasimulia leo, wanangu, ni ya watu wanaolisahihisha kisio hilo bila kushuka chini, na ninaianzia hapa hapa kwetu, kwa sababu kimojawapo cha visa vizuri kabisa vya kazi hiyo kilitokea kaskazini mwa Tanzania.

Ilikuwa Julai 2007. Upande wa kusini wa Ziwa Natron kuna milima miwili jirani. Mmoja ni Gelai, mpana, mnene, umelala tangu enzi. Mwingine ni Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu: umechongoka, mbavu zake zimesimama, na kilele chake kinakaribia mita 3,000. Lava ya Lengai haina mfano duniani leo. Volkano nyingi hutapika mwamba ulioyeyuka kwa nyuzijoto 1,000 na hata zaidi. Lengai hutoa lava ya magadi, yenye nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, nyeusi na nyepesi inapotoka, kisha inageuka nyeupe ikishakutana na unyevu wa hewa. Mwanajiolojia J. B. Dawson alichapisha habari zake mwaka 1962, na tangu hapo wasomi wa volkano wa dunia nzima wanakuja kupanda mlima ule huku wakihema.

Kwa hiyo ardhi ilipoanza kutikisika tarehe 12 Julai, na isitulie, kila mtu alielekeza macho Lengai. Tarehe 17 likaja tetemeko la kipimo cha 5.9. Nairobi, ng'ambo ya mpaka, watu waliokuwa kwenye maghorofa walishuka ngazi mbio wakajaa barabarani. Lakini kitovu hakikuwa Lengai. Mitetemo ilitoka chini ya Gelai, mlima ambao hakuna aliyekuwa na habari nao.

Kulikuwa na nini chini ya Gelai? Vifaa vya kupimia mitetemo vilivyokuwa karibu na eneo lile wakati huo vilikuwa haba. Jibu lilitoka juu.

Setilaiti ya Ulaya iliyoitwa Envisat ilikuwa ikizunguka dunia, kilomita 800 hivi kutoka ardhini, imebeba rada. Rada hutuma wimbi, wimbi linagonga ardhi na kurudi, na chombo kinaandika limerudi likiwa katika hatua gani ya kupanda na kushuka kwake. Urefu wa wimbi la Envisat ulikuwa sentimita 5.6. Baada ya siku 35 setilaiti inarudi mahali pale pale angani na kutuma tena. Kama ardhi imesogea japo kidogo, wimbi la safari ya pili halitarudi katika hatua ile ile ya safari ya kwanza. Kompyuta inazilinganisha picha mbili na kuipaka tofauti hiyo rangi: kila mzunguko mmoja wa rangi, kutoka nyekundu kupitia kijani na bluu hadi nyekundu tena, maana yake ardhi imesogea sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia. Usiku hauizuii rada, wala mawingu hayaizuii. Mimi huwa nashangaa kila nikifikiri: chombo kiko mbali kama Dar es Salaam na Mwanza, kinakwenda kasi ya kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde, halafu kinagundua kwamba jiwe limepanda kiasi cha upana wa vidole viwili.

Picha za Gelai zilipotoka, zilijaa pete za rangi zilizosongamana. Ubavu wa kusini wa mlima ulikuwa umefunguka: upande mmoja umesogea magharibi, wa pili umesogea mashariki, na kipande cha katikati kimedidimia. Hesabu ikafanywa. Umbo lililoafikiana na picha ile lilikuwa daiki, yaani bamba la magma lililosimama wima, lenye unene wa mita 2 hivi na urefu wa kilomita kadhaa, lililoupasua mwamba likajichomeka humo humo. Halikutoka nje. Hakuna mchungaji aliyeona hata tone. Tena wataalamu waligundua kwamba kabla ya daiki kuingia, ufa mmoja mkubwa ulikuwa umeteleza taratibu, bila kishindo cha kulingana na mtelezo wenyewe. Bonde la Ufa lilikuwa linapanuka mbele ya macho ya setilaiti.

Na Lengai? Tarehe 4 Septemba ulilipuka. Mlima uliozoea kutiririsha lava yake kwa upole ukarusha majivu kilomita nyingi angani, na wafugaji wa pale chini wakahama na mifugo yao. Milipuko iliendelea hadi mwaka uliofuata. Kuwa na daiki kwa jirani wiki chache kabla, kisha mlipuko huku, wanasayansi wengi hawalioni kuwa jambo la bahati nasibu.

Sasa wewe uliyekaa nyuma kule umenyoosha mkono. Unataka kujua: mtu anayetazama ngozi ya juu tu ya ardhi, anajuaje kilicho chini kiko kina gani?

Swali hilo lina jibu zuri, na aliyelitoa ni Mjapani, Kiyoo Mogi, mwaka 1958. Alikuwa na vipimo vya ardhi inayozunguka Sakurajima, volkano iliyolipuka kwa nguvu mwaka 1914. Baada ya mlipuko ule eneo pana lilididimia, kisha miaka ilivyopita likaanza kunyanyuka tena. Mogi akasema: tuchukulie kuna tufe dogo ndani ya ardhi, linavimba na kunywea. Likiwa karibu na uso, ardhi ya juu itapanda kwa kilima chembamba. Likiwa mbali chini, msukumo utatawanyika, na ardhi itapanda kwa kilima kipana, kilicholala. Basi pima upana wa kilima, utapata kina cha tufe. Kwa Sakurajima alipata kilomita 10 hivi. Hesabu yake inaenea katika mistari michache, na hadi leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, picha ya setilaiti ikitoka, hesabu ya kwanza kujaribiwa mara nyingi ni ya Mogi. Ukiambiwa hesabu za shule hazina kazi, mtaje huyo.

Kwa njia hiyo hiyo ya rada iligunduliwa kwamba volkano za Kenya tulizodhani zimelala zinapumua. Longonot, ambao wanafunzi wa Nairobi na Naivasha huupanda katika ziara za shule, ulinyanyuka sentimita 9 hivi kati ya 2004 na 2006. Paka, huko kaskazini ya Ziwa Baringo, ulinyanyuka sentimita 21 hivi kati ya 2006 na 2007. Menengai na Suswa, miaka michache kabla ya hapo, ilikuwa imeshuka kidogo. Hakuna hata mmoja uliolipuka, na waliokuwa juu ya Longonot wakila mkate na soda hawakuhisi lolote.

Hapo ndipo ubovu wa ushahidi wa rada unapojitokeza. Inakuambia kitu kinasukuma. Haikuambii ni kitu gani. Inaweza kuwa magma, inaweza kuwa gesi, inaweza kuwa maji ya moto yaliyokosa pa kutokea. Lazima utafute shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni mtetemo wenyewe. Mama anayejua kununua nazi hainunui kabla ya kuitikisa sikioni. Haipasui pale sokoni, lakini kwa sauti ya maji anajua kilichomo. Mlima hautikisiki kwa mkono. Pale Mount St. Helens, Marekani, mwaka 2014 watafiti walichimba mashimo kuuzunguka mlima wakalipua baruti mara 23 ili wapate mtikisiko wa kusikiliza. Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya gharama hiyo. Ardhi yetu inajitikisa yenyewe kila siku; tunachohitaji ni masikio.

Sikio hilo linaitwa seismomita, na kulipanda ni kazi ya jembe kabla ya kuwa kazi ya kompyuta. Unachimba shimo la kufika kiunoni hivi, mpaka upate mwamba au udongo mgumu. Chini unaweka zege au kigae cha mawe, unasubiri kikauke. Juu yake unakalisha chombo, kipande cha chuma cha duara kinachobebeka kwa mikono miwili, na unazungusha miguu yake mitatu midogo mpaka kiputo cha hewa kwenye pima-maji kikae katikati kabisa. Alama yake moja lazima ielekee kaskazini, sio karibu na kaskazini. Kisha unakifunika, unafukia, unavuta waya hadi kwenye kisanduku chenye betri na kinasa data, unasimamisha paneli ya sola, na mwisho kabisa unazungushia miiba, kwa sababu ng'ombe hupenda kujikuna kwenye nguzo. Ukirudi baada ya miezi kadhaa na kufungua rekodi, utakuta imo dunia nzima: tetemeko la Indonesia, lori lililopita, upepo wa alasiri, na kundi la mbuzi lililokwenda kisimani asubuhi na kurudi jioni. Kazi ya mtaalamu ni kuchambua mbuzi na kuwatenga na magma.

Kati ya 2013 na 2014 vifaa vya namna hiyo karibu 40 vilifukiwa kuzunguka Ziwa Natron na Ziwa Magadi la Kenya, pande zote mbili za mpaka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Nairobi walifanya kazi hiyo pamoja na wenzao wa Marekani na Ufaransa.

Wanachokisoma ni hiki. Kila tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili. Wimbi la kwanza ndilo lenye mbio. Linasukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule kule linakokwenda. La pili linafuata nyuma, nalo linautikisa mwamba kando, huku na huku. Mwamba mgumu unayapitisha yote mawili. Majimaji hayapitishi la pili, kwa sababu ukiyasogeza kando hayana nguvu ya kujirudisha. Basi ukiwa na vituo vingi na matetemeko mengi, unakuwa na maelfu ya njia zinazokatana chini ya mlima. Kila njia ina saa yake ya kuondoka na saa yake ya kufika. Njia zote zinazopita mahali fulani zikichelewa, hapo pana kitu. Kompyuta inazichanganya njia hizo na kuchora ramani ya mahali penye kuchelewesha, tabaka kwa tabaka. Hospitali hutumia kanuni iyo hiyo ya njia zinazokatana katika mashine ya CT. Tofauti ni kwamba mgonjwa wetu ana upana wa kilomita 30, na miale hatuipigi wakati tunaotaka.

Na sasa rudi kwenye duara jekundu. Kama lingekuwa kweli, ziwa kubwa la mwamba ulioyeyuka chini ya kila volkano, mawimbi ya pili yangezimika kabisa yakifika hapo. Mahali pengi hayazimiki. Yanachelewa, yanadhoofika, lakini yanapita. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita chemba ni mwamba mgumu bado: punje za fuwele zilizoshikana, na majimaji ya moto yamejipenyeza kwenye nafasi zilizobaki kati yake. Yellowstone, volkano ya Marekani inayotiwa chumvi mno kwenye video za kutisha, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika hifadhi yake ya juu sehemu iliyoyeyuka ni asilimia 16 hadi 20. Iliyobaki ni jiwe. Jiwe la moto, lakini jiwe.

Hata hivyo kuchelewa kwa wimbi nako kuna maelezo zaidi ya moja. Mwamba wa moto usioyeyuka huchelewesha. Mwamba uliopasukapasuka huchelewesha. Gesi nayo hubadilisha mwendo; data zile za Natron na Magadi zilisaidia kuonyesha kwamba hewa ya ukaa nyingi hupanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za Bonde la Ufa, na nyingine hutoka mahali ambapo hapana volkano kabisa. Kwa hiyo huitwa shahidi wa tatu, umeme.

Mwamba mkavu haupendi kupitisha umeme. Magma inaupitisha vizuri zaidi. Lakini nani atapeleka umeme kilomita 10 chini? Jua na radi. Chembechembe zinazovuma kutoka kwenye jua hutikisa usumaku wa dunia, na radi zinazopiga Kongo, Brazili na kwingineko huongeza yao. Mtikisiko huo wa usumaku huzaa mikondo midogo ya umeme ndani ya ardhi, usiku na mchana. Mtaalamu anafukia vyungu vinne vya elektrodi katika umbo la msalaba, anafukia na koili za kupima usumaku ili upepo usizitikise, kisha anaondoka na kuviacha vilale hapo hadi kesho yake. Mtikisiko wa haraka huishia karibu na uso. Wa polepole hushuka mbali. Kwa kusoma wa haraka na wa polepole, anajua umeme unapita vipi katika kila kina. Njia hii imetumika sana Olkaria na Menengai nchini Kenya, kwa sababu wachimbaji wa mvuke hawataki kuzamisha fedha kwenye shimo baridi. Udhaifu wake? Maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi navyo hupitisha umeme vizuri, na volkano zetu zina vyote viwili.

Wapo mashahidi wengine nitakaowapitia haraka. Kuna kipima mvutano, chombo kinachogundua kwamba jiwe la chini ni zito au jepesi kuliko la jirani. Kuna GPS, iliyopigiliwa kwenye mwamba na kuangalia milimita. Na kuna miuoni, chembe zinazozaliwa angani wakati miale ya kosmiki inapogonga hewa. Karibu moja kila sekunde inapita katika kiganja chako hivi sasa unaposoma. Zinapenya mawe, lakini zinapungua kadiri jiwe linavyokuwa nene na zito, kwa hiyo Wajapani wameweka vigunduzi ubavuni mwa mlima Asama wakapiga picha ya kilele chake. Picha za miuoni ni nzuri kuzitazama, ila zinaona sehemu ya mlima iliyo juu ya kigunduzi tu. Ya chini haziyajui.

Ushahidi wote huo ukiwekwa mezani, je, picha inakamilika? Sikilizeni kisa cha Krafla.

Krafla ni volkano ya Iceland iliyolipuka mara kadhaa kati ya 1975 na 1984. Imepimwa kwa karibu kila chombo nilichokitaja. Mwaka 2009 mradi wa kuchimba mvuke ulianza shimo la kwenda zaidi ya kilomita 4, mahali walipoamini magma iko chini zaidi ya hapo. Walipofika mita 2,100 hivi, mashine ikaanza kukwama. Wakaivuta, ikakwama tena. Halafu maji ya kuchimbia yakaleta juu vipande vya kioo cheusi, vilivyopoa muda si mrefu. Keekee yao ilikuwa imeingia ndani ya magma yenyewe, yenye nyuzijoto 900 hivi, mahali ambapo hakuna picha iliyoionyesha. Hakuna aliyeumia, wala mlima haukulipuka. Kisima kikatoa mvuke wa zaidi ya nyuzijoto 450.

Msidhani ni mambo ya ughaibuni tu. Pale Menengai, juu ya mji wa Nakuru, uchimbaji wa mvuke ulianza mwaka 2011, na baadhi ya visima vilikutana na magma kwenye kina cha kilomita 2 na kidogo. Huko nako ishara ilikuwa ni vipande vya kioo kwenye matope ya kuchimbia. Mwanafunzi wa Nakuru anayekwenda shule asubuhi yuko karibu na magma kuliko alivyo karibu na Naivasha.

Kwa nini picha zilishindwa? Kwa sababu kila wimbi lina kipimo cha kitu kidogo kabisa linachoweza kukiona. Wimbi lenye urefu wa kilomita moja halioni mfuko wa magma wa mita 50. Linaupita, likaendelea na safari. Kilichoko chini ya Krafla na Menengai huenda ni mifuko na mabamba mengi madogo yaliyotawanyika ndani ya mwamba, na picha zetu zinayachanganya yote kuwa doa moja lenye ukungu. Ndiyo maana mtaalamu mzuri akikuonyesha picha ya magma hukuonyesha pia mahali asipoiamini. Asiyekuonyesha hapo, mtilie shaka.

Na sasa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, maana huko haya si masomo ya darasani. Mlima wa volkano wa Nyiragongo uko kaskazini mwa mji, na kasoko yake imekuwa na ziwa la lava kwa miaka mingi. Ulipasuka Januari 1977, ukapasuka tena Januari 2002, lava ikakata katikati ya mji. Baada ya hapo masikio yaliongezwa. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, na washirika wake walifukia seismomita na GPS kuzunguka milima ya Virunga. Lakini jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, ubavu wa mlima ulifunguka na lava ikashuka hadi viunga vya kaskazini vya mji. Dalili za wazi kwenye vifaa hazikufika hata saa moja kabla. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Vifaa havikulala. Tatizo lilikuwa mlima. Volkano iliyofungwa huvimba kabla ya kupasuka, kwa kuwa magma inalazimika kujitengenezea njia. Nyiragongo ulikuwa wazi juu, magma imeshafika, imejaa kasokoni na ndani ya bomba. Hapakuwa na haja ya kuvimba. Ubavu ulipochoka, ulichanika.

Siku zilizofuata ndizo picha zilipofanya kazi yake. Matetemeko yalianza kuhama: kutoka chini ya mlima, kuja kusini, chini ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, hadi chini ya Ziwa Kivu. Barabara zilipasuka, nyumba zikaanguka. Rada za setilaiti, zile zilizorithi kazi ya Envisat, zilionyesha ardhi ya mji ikifunguka. Ilikuwa daiki, kama ile ya Gelai, lakini safari hii juu yake palikuwa na mji wenye mamia ya maelfu ya watu, na pembeni ziwa lenye gesi nyingi iliyoyeyuka chini yake. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru mitaa 10 ihame. Watu wakaenda Sake, wakavuka kwenda Rwanda, wakapanda boti za Bukavu, na magodoro vichwani. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba daiki ile ilikimbia kilomita 25 hivi, na chini ya mji ukingo wake wa juu ulifika chini ya mita 500 kutoka usoni. Halafu ikasimama. Haikutoka nje, na waliohama wakaanza kurudi.

Basi wewe unayeishi Goma au Gisenyi, Nakuru, Naivasha au Engaresero karibu na Ziwa Natron, nina ombi. Siku moja utakuta shambani au nyuma ya shule kisanduku, paneli ndogo ya sola, na waya unaoingia ardhini. Usikifukue, na usiwaruhusu wenzako wachukue betri. Ili kupata mahali na kina cha tetemeko, kwa kawaida vinatakiwa vituo visivyopungua vinne vilivyolisikia. Katika maeneo mengi ya volkano zetu vituo bado ni vichache, na kikizimika kimoja, kina cha magma kinakuwa cha kukisia tena. Ukiona mtu anakifungua na humfahamu, mjulishe mkuu wa mtaa siku ile ile.